Kuchongesha vipuri vya modeli kubwa za rimoti Mombasa: nani umpe kazi kwanza, nani umwache mwisho

Mwenye gari la rimoti la kipimo cha 1/5, lile la injini ya petroli ya cc 26 au 30, anaijua siku hii. Kibebeo cha ekseli cha plastiki kimepasuka, madukani hakuna, na kuagiza kingine cha plastiki ni kungojea nacho kipasuke. Mwenye boti anataka shafti mpya. Mwenye ndege ya mabawa ya mita mbili anataka miguu isiyokunjika kila ikitua vibaya. Wote wanahitaji kipuri cha chuma au alumini kilichotengenezwa kwa kipimo chao, na wote wanauliza wampelekee nani.

Mpangilio wangu ni huu. Kwanza, karakana ya kukereza ya hapa hapa mjini, yaani ya fundi anayechonga chuma kikizunguka kwenye mashine. Pili, kuagiza China kwa mashine za CNC, zile zinazochonga kwa kuongozwa na kompyuta. Tatu, wakataji wa leza na plazma, kwa vipuri bapa tu. Nne, Nairobi. Mwisho kabisa, wasubuji, wale wanaoyeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu. Nitaeleza sababu, lakini tuanze na madini, kwa kuwa ukikosea hapo hata fundi bora hatakuokoa.

Chagua madini kwa kufikiria chumvi

Alumini inayosifiwa sana kwenye modeli ni 7075-T6. Huhimili takriban MPa 500 (megapaskali, kipimo cha mkazo) kabla ya kupinda bila kurudi, hali 6061-T6 huishia karibu 276. Ukisoma hesabu hiyo peke yake utachukua 7075 bila kufikiri. Ila 7075 imechanganywa na shaba kidogo, na shaba hiyo huifanya iliwe na chumvi upesi. Ukiendesha gari ufukweni Nyali au Bamburi na kipuri cha 7075 hakijatiwa anodaizi (tabaka gumu la kukinga uso, linalowekwa kwa umeme), unga mweupe hauchelewi kutokea kwenye matundu ya bolti. Kwa vibebeo, minara ya shokomzoba na vishikio vya injini, mimi nashauri 6061-T6, kisha uongeze unene wa milimita moja au mbili. Uzito unaoongezeka hausikiki kwenye gari la kilo kumi na zaidi. Kwenye ndege, hapo kweli kila gramu ina maana, na 7075 yenye anodaizi ina haki yake.

Jihadhari na alumini inayouzwa kwa mafundi wa madirisha. Hiyo kwa kawaida ni 6063, nayo imetengenezwa ipite vizuri kwenye kalibu ya fremu, haikutengenezwa kubeba gurudumu. Kwa macho haina tofauti na 6061. Muulize muuzaji namba, na kama hana namba, usinunue kwa ajili ya kipuri kinachobeba mzigo.

Upande wa chuma, wauzaji wetu bado wanatumia zile namba za Kiingereza za EN. Chuma cha kawaida cha mageti kinatosha kwa mabano na vipande vya kukazia. EN8 ni hatua moja juu. Kwa shafti za gari zinazopokea mshtuko, omba EN24 iliyokwisha kutiwa makali kiwandani, inayoandikwa EN24T: inakerezeka vizuri na haihitaji kupelekwa tena motoni. Kwa boti ya maji ya chumvi, chukua stenlesi ya 316. Ina molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3 ambayo stenlesi ya 304 haina, na ndiyo inayozuia vidoa vya kahawia. Shaba ya njano iache kwenye boti za bahari, maana zinki iliyomo huliwa na kuacha madini yenye matundumatundu. Bushi ziwe za bronzi.

Na kumbuka bolti. Chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Paka grisi kwenye kila bolti kabla ya kuifunga, na ukirudi kutoka ufukweni osha gari lote kwa maji baridi ya bomba.

Namba moja: karakana ya kukereza

Mombasa ina bahati ambayo miji mingi haina. Bandari ya Kilindini imelea mafundi wa mashine kwa miaka mingi, kwa sababu meli haziachi kuhitaji shafti za pampu, bushi na vali. Karakana hizo utazikuta Shimanzi, Changamwe na upande wa Liwatoni. Mtu aliyezoea kukereza shafti ya pampu ya meli, ambayo ikikosewa injini nzima inasimama, anaelewa maana ya kipimo kuliko muuza vifaa yeyote wa mtandaoni. Faida kubwa zaidi ni kwamba utasimama naye, utamwonyesha kipuri kilichovunjika, naye atakuuliza maswali.

Udhaifu wake ni ukubwa. Mashine iliyozoea kushika bomba la milimita 200 haishiki vizuri ufito wa milimita 6. Chaki, yaani kishikio cha mashine, ya taya tatu iliyochakaa huacha kipuri kizunguke kikiyumba kidogo, na kuyumba huko kwenye shafti ya boti kutaua beringi. Kwa chochote chini ya milimita 10, uliza kama ana koleti, kishikio kinachobana ufito pande zote kwa usawa. Kama hana, mwombe atumie chaki ya taya nne na asawazishe kwa geji ya saa, kipimio chenye mshale kinachoonyesha kuyumba. Akikushangaa kwa kuuliza geji ya saa, mshukuru na uende karakana nyingine.

Nichukue kazi moja tuitazame kwa karibu: tundu la beringi kwenye kibebeo cha ekseli. Tuseme beringi ni 6001, yaani milimita 12 ndani, 28 nje na 8 upana. Kwenye kibebeo, gamba la nje la beringi halizunguki, kwa hiyo tundu linatakiwa kuwa kati ya 28.00 na 28.02. Fundi mzuri atatoboa kwanza tundu dogo, atalipanua kwa kisu cha ndani hadi karibu 27.8, kisha atasimamisha mashine na kungoja. Anangoja nini? Alumini ipoe. Ikiwa kipuri kimepata joto la nyuzi 30 zaidi ya kawaida, tundu la milimita 28 hupanuka karibu milimita 0.02, yaani nafasi yote uliyompa. Akipima kikiwa cha moto ataona 28.01 na kufurahi. Nyumbani kikipoa ni 27.99, nawe utaipiga beringi nyundo ndipo iingie. Beringi iliyopigwa nyundo imeshaumia kabla gari halijawaka. Ukimwona fundi anaweka kipuri pembeni, anapangusa mikono, anarudi na maikromita baada ya muda, mshike huyo wala usimwache.

Mpelekee beringi yenyewe. Usimwandikie namba tu kwenye karatasi. Akimaliza, iingizeni pamoja: isukumwe kwa kidole gumba kwa nguvu kidogo, iingie bila kuyumba na isidondoke ukigeuza kipuri. Hilo lifanyike pale pale karakana, kabla hujalipa nusu iliyobaki.

Kuhusu nyuzi za bolti, taja kipimo chote. Karakana nyingi za zamani zina tapu (vyuma vya kukatia nyuzi) za Kiingereza zilizorithiwa, na fundi asiyeambiwa atachukua iliyo karibu. Andika M4 kwa pichi (umbali wa uzi hadi uzi) 0.7, M5 kwa 0.8, M6 kwa 1.0. Kwenye alumini kina cha nyuzi kiwe angalau mara moja na nusu ya unene wa bolti. Mara mbili ni bora, kwa sababu modeli hufunguliwa na kufungwa kila mara.

Wakati nao una neno. Meli ikiingia matengenezoni, kazi yako ndogo itawekwa kando, na ni haki yao. Mpigie kwanza umuulize kama kuna meli. Ukifika, msalimie vizuri, mweleze kipuri kinafanya kazi gani: "Mzee, hiki kinabeba gurudumu, na gari lina kilo kumi na mbili likienda mbio." Fundi akidhani ni kitu cha kuchezea cha mtoto atakitengeneza kwa kiwango hicho.

Halafu usichongeshe kimoja. Kazi kubwa ni kupanga mashine, kufunga kipuri na kusawazisha. Cha pili, cha tatu na cha nne huenda haraka, na bei ya kila kimoja hushuka sana. Tafuta wenzako wawili wenye gari kama lako, mtoe oda ya pamoja. Malipo ya kawaida ni nusu mbele kwa M-Pesa na nusu siku ya kuchukua. Anayedai zote mbele usimkubalie.

Namba mbili: kuagiza CNC kutoka China

Kipuri chenye umbo gumu, chenye mifuko, kona za ndani na pande nyingi, hapa mjini kitamchosha fundi na kukugharimu siku nyingi. Kampuni kama PCBWay na JLCCNC hupokea faili la STEP (mchoro wa kompyuta wa umbo zima), hukupa bei papo hapo au muda mfupi baadaye, hukata kwa 6061 au 7075 na kutia anodaizi ya rangi utakayo. Kazi hutoka safi. Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Kwa sababu watatengeneza ulichochora, hata kama ulichochora hakifai. Hakuna atakayekushika mkono na kusema, "Hapa patavunjika."

Wengi hupotea kwenye kipimo kisichoandikwa. Mchoro usiotaja ruhusa ya kipimo hufuata kiwango cha ISO 2768-m, ambacho kwa kipimo cha kati ya milimita 6 na 30 huruhusu kukosea 0.2 juu au chini. Tundu lako la 28 linaweza kuja 28.2, beringi icheze ndani, na kiwanda kiwe hakijakosa chochote. Kila tundu la beringi liandikie H7, alama ya ruhusa ndogo ambayo kwa tundu la 28 ni 28.00 hadi 28.02, kwenye mchoro wa PDF unaoambatana na faili. Vilevile, ukiomba anodaizi ngumu ya maikroni 50, nusu yake hujijenga juu ya uso kila upande wa tundu, kwa hiyo tundu husinyaa karibu milimita 0.05. Waambie wayafunike matundu ya beringi kabla ya kutia anodaizi.

Gharama usiihesabu kwa bei ya mtandaoni tu. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 16 ambayo hutozwa juu ya jumla ya bei, usafiri na ushuru. Kwa kipuri kimoja kidogo, nyongeza hizo zinaweza kushinda bei ya kipuri chenyewe. Kwa seti ya ishirini ya kugawana kikundi, mambo yanabadilika.

Huwezi kuchora kwa kompyuta? Nenda Tudor, wanafunzi wa uhandisi wa mitambo wa Technical University of Mombasa wanajifunza kazi hiyo hiyo. Na kabla ya kutuma oda, chapisha umbo lile kwa plastiki kwenye printa ya 3D, ulifunge kwenye gari, uzungushe usukani mpaka mwisho. Kipuri cha plastiki kikigusa bomba la ekzosi, cha alumini nacho kitagusa.

Namba tatu: leza na plazma

Wale wanaokata maua ya mageti kwa mashine ya kompyuta wanaweza kukukatia sahani ya chini ya gari, mabano ya injini na minara bapa kwa bei nzuri na kwa siku moja. Leza hukata kwa usafi. Plazma huacha ukingo ulioinama na ulioungua. Matundu usimwachie plazma. Mwambie akate madogo kuliko kipimo, kisha yapanuliwe kwa dirili. Kama sahani itakunjwa, mfano miguu ya ndege, kona iwe ya mviringo mpana, maana 6061-T6 ikikunjwa kwa kona kali hupasuka upande wa nje, na ufa wa kwanza huwa mwembamba kama unywele.

Nairobi

Industrial Area na Kariobangi Light Industries kuna mashine nyingi na madini ya aina nyingi kuliko hapa, na mzigo unaweza kurudi kwa basi. Naiweka ya nne kwa sababu ukikosewa huwezi kurudi kesho asubuhi na kipuri mkononi. Inafaa zaidi kununulia madini yenyewe, ufito wa EN24T au kipande cha 7075, kisha ukakerezeshea Shimanzi.

Mwisho: kusubu

Kuna mafundi hodari wanaoyeyusha pistoni kuukuu na kumimina alumini kwenye kalibu ya mchanga. Kwa sufuria, hawana mshindani. Kwa modeli, alumini hiyo huwa na viputo vya hewa ndani usivyoviona, na ikipigwa huvunjika badala ya kupinda. Wape stendi ya boti au msingi wa meza ya kujaribia injini. Usiwape kamwe kikombe cha klachi, gurudumu zito la injini (flywheel) wala chochote kinachozunguka: injini hizi hupita mizunguko 10,000 kwa dakika, na kipande kikikatika hapo kinaruka kuelekea kwako au kwa mtoto aliyesimama kutazama. Na kipuri cha 7075 kilichovunjika usimpelekee mchomeleaji. Hakichomeleki vizuri, mshono hupasuka ukipoa. Hata 6061 ikichomelewa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kando ya mshono. Bora kipande kilichovunjika ukipeleke karakana kiwe sampuli ya kipya.