Gita moja, sauti mbili, na fundi aliyeniambia nipeleke kwa pasta aiombee

Nimekaa na hii kitu moyoni miezi kadhaa, nikasema wacha ipoe kwanza ndio niandike. Haijapoa. Kwa hivyo naandika hivyo hivyo.

Mimi napiga gita kanisani huku Eastlands, kanisa la mabati, si kubwa, spika mbili mbele na mikisa iko kwa meza ya mbao pale nyuma. Kama hujawahi kupiga gita kwa kanisa la Nairobi pengine hujui shida ninayoongelea. Ibada inaanza na sifa, na sifa zetu ni seben, ile gita ya mbio ya kuchezesha watu, ya Kongo kabisa, vidole viko juu kule shingo ya gita inaishia, pikapu ya nyuma (ile sumaku chini ya nyuzi inayoshika sauti), sauti nyembamba inayong'aa, watu wanaruka mpaka viti vinasogea. Halafu hakuna kusimama. Dada anayeongoza anainua mkono, drami zinashuka, kibodi inashika kodi moja ndefu, na tumeingia kuabudu. Hapo sauti ya umeme haifai tena. Hapo unataka mbao, unataka ile kukwangura polepole kwa gita kavu, watu wasikie nyuzi zikipumua chini ya maombi. Na muda wa kubadilisha ulio nao ni pumzi mbili, labda tatu.

Nimejaribu kila njia. Nimeweka gita la boksi, lile lenye tumbo wazi lisilohitaji umeme, kwa stendi kando yangu, lakini mpaka utoe mkanda mmoja uvae mwingine, uchomoe kebo spika zipige "pwaa", dada ameshaimba mstari mzima na kibodi peke yake. Nimejaribu kupiga yote kwa boksi, seben ikawa nzito juu nyuzi zake ni nene, na ukiongeza sauti kidogo tu tumbo la gita linaanza kuvuma na spika. Nikaazima pedali ya Boss, ile ya kugeuza sauti ya umeme ikae ya boksi. Si mbaya. Lakini pikapu ya sumaku haisikii mbao, inasikia waya wa chuma ukicheza juu ya sumaku, basi. Pedali inapunguza sauti ya katikati, inaongeza ile ya juu, na inakisia. Nyumbani kwa hedifoni utadanganyika, lakini kanisani mtu ambaye hajui lolote kuhusu gita atakwambia leo imelia kama mkebe.

Dawa yake inajulikana miaka mingi. Kuna gita zinatoka kiwandani na sauti zote mbili, Parker walikuwa na Fly yao 1993, Taylor wakaleta T5 2005, Fender wakaleta Acoustasonic 2019, na bei zake mimi siwezi, wacha tusidanganyane. Lakini unaweza kuchukua gita yako ya umeme ukafungiwa piezo pale kwa daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gita. Vile vipande vidogo vinakaa chini ya nyuzi na vinasikia mtetemo wenyewe, havina haja na sumaku. Umeme wake ni mnyonge sana kwa hivyo lazima kuwe na priampu ndani, kile kidude cha kuukuza, na hiyo priampu inakula betri ya volti 9. Shikilia hapo kwa betri, juu ndiyo ilinimaliza.

Kuna duka moja hapo katikati ya mji, ghorofa ya pili, jina sitalitaja. Nikalipa 22,000 na M-Pesa, yote kabla, kazi na vifaa, na hiyo pesa nilikuwa nimeiweka kidogo kidogo tangu mwaka mwingine. Fundi alichukua siku tatu. Nilipoenda kuichukua alinipigia kodi mbili tatu kwa spika ya kibodi na aki nilitaka kulia. Gita yangu ile ile, ya mwili wa mbao bila tumbo, inatoa sauti ya boksi! Swichi ndogo hapo kando: mbele umeme, nyuma mbao, katikati zote pamoja.

Jumapili ya kwanza nilishindwa hata kuficha furaha. Tulitoka seben, nikapiga swichi na kidole kidogo, sikukosa hata mpigo mmoja, na dada anayeongoza akageuka akaniangalia, akafunga macho akaendelea kuimba. Mtu wa saundi akaja baadaye kuniuliza hiyo gita ya pili nilikuwa nimeificha wapi.

Halafu kesha.

Ilikuwa wiki mbili hivi baadaye, Ijumaa usiku. Kuna mama mmoja kwetu ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa, na watu walikuwa wamekuja haswa kusimama naye. Saa nane usiku hivi, tumetoka kwa sifa, tumeingia kuabudu, mama amepiga magoti pale mbele. Nikapiga swichi. Sauti ikatoka lakini imekonda, inakwaruza kama redio iliyokosa stesheni, na mstari wa pili haukuisha, ikazima kabisa. Nikarudisha swichi kwa umeme haraka, juu huko sumaku hazihitaji betri, na sikukumbuka pedali ya seben bado ilikuwa imewaka. Kodi moja ikapasua lile kanisa lote. Watu wakashtuka. Yule mama akafungua macho akageuka kuangalia ni nini, na ile hali tuliyokuwa tumefika ikapotea, tukachukua muda mrefu sana kuirudia, na mimi nasema hatukurudi. Ninaandika hii nikijua kuna mtu atasema ni gita tu. Si gita tu. Mtu amebeba mtoto wake mbele ya Mungu na wewe ndiye umemkatiza.

Nikarudi dukani. Mara hiyo ya kwanza fundi hakuwa mbaya, alifungua akasema betri imeisha, weka mpya. Nikamwuliza imeishaje wiki mbili, akasema labda ilikaa sana dukani kabla. Sawa. Nikanunua mpya supamaketi, nikaweka. Nikapiga Jumapili moja, nikapiga mazoezi mara mbili, gita ikalala kwa begi yake chini ya kitanda. Wiki mbili tena, imekufa.

Sasa sikilizeni hii mara ya pili, maana hapa ndipo nilipoachiwa kidonda. Nimepanda zile ngazi na gita mgongoni, duka lina wateja wanne watano, nikangoja mpaka zamu yangu. Hakuinua macho kwa simu.

"Kijana, hiyo betri ulinunua wapi?"

"Supamaketi."

"Ni feki. Sasa unakuja kunisumbua juu ya betri feki?"

"Boss, hii ni ya pili. Na sijaitumia hata ibada tatu. Si ungeifungua tu uangalie?"

Hakuifungua. Hakuishika hata. Akaangalia wale wateja wengine akawaambia, si mimi, wao, "Hawa watu wa haleluya wananimaliza. Wanataka kazi ya pesa kwa bei ya sadaka, halafu kitu ikiharibika ni wewe." Wakacheka. Nikamwambia nimelipa ile bei aliyoitisha, sikupunguziwa hata mia. Akasema, "Basi peleka kwa pasta aiombee."

Nilishuka ngazi nikitetemeka. Sijui watu wengine wanafanya nini wakiambiwa hivyo, mimi nilishindwa kuongea. Kuna mzee pale wa makamo alikuwa ameleta violin na yeye pia alicheka, na hiyo kicheko yake ndiyo huwa nasikia nikijaribu kulala, kuliko hata maneno ya fundi.

Gita ilikaa wiki nzima siiguzi. Halafu karibu na stage ninaposhukia kuna mzee anatengeneza redio na tivi kwa kibanda, na nilikuwa napita nikaona ana mita ya kupima umeme, nikasema wacha nimwulize. Hajawahi kufungua gita maisha yake yote, aliniambia hivyo mwenyewe. Akatoa kifuniko cha nyuma, akaweka mita kwa waya wa betri, kebo ikiwa haijachomekwa popote. Sindano ikapanda. Akanyamaza kidogo akasema, "Kijana wangu, hii kitu hailali."

Akanionyesha. Ile jeki ya gita, lile tundu la kuchomeka kebo, ina miguu mitatu. Waya mweusi wa betri unafaa kukaa kwa mguu wa katikati, ndiyo ukichomeka kebo ile plagi inauunganisha na grandi (waya wa ardhi) na priampu inaamka, ukichomoa inalala. Fundi wangu aliulehemu pamoja na zile waya za grandi. Kwa hivyo priampu ilikuwa macho usiku na mchana, ndani ya begi, chini ya kitanda, inakunywa betri taratibu mpaka iishe. Betri ya supamaketi, betri ya Ulaya, ungeleta yoyote ingekufa tu. Mzee akahamisha waya mmoja. Mmoja! Dakika kumi na kikombe cha chai. Nilimpa 500 akarudisha 300.

Sasa mtaniuliza hiyo huduma ya fundi wa duka naipa alama gani. Hapa ndipo nachanganyikiwa, juu nilikuwa nimeamua kusema msikanyage huko kabisa. Lakini kazi ya mkono, ukitoa huo waya, ni safi. Alitoboa pale kwa daraja mpaka huoni mahali palipotobolewa, nyuzi zote sita zinalia sawa, hakuna moja inameza nyingine, na nimeona kazi za watu wengine mjini ambapo uzi wa tatu unapiga kelele peke yake. Na alinishauri vizuri kuhusu nyuzi. Mimi nilitaka kuweka zile za shaba za gita la boksi, nikidhani mbao itatoka zaidi, akanikataza, akasema sumaku hazitazisikia vizuri na seben yako itakufa, baki na za umeme. Ni kweli. Mwanzoni alikuwa mtu mzuri, hicho ndicho kitu sielewi.

Kitu hakuniambia, na angefaa kuniambia kwa 22,000, ni kwamba upande wa mbao usiupitishe kwa ampu ya gita. Spika ya ampu ya gita imetengenezwa kukata zile sauti za juu, na uzuri wote wa mbao uko huko juu, kwa hivyo inatoka kama mtu ameshikiwa mto mdomoni. Dukani alinipigia kwa spika ya kibodi ndiyo ikakaa tamu. Sisi tulikuja kujua wenyewe. Sasa nina swichi ya mguu yenye njia mbili, umeme unaenda kwa ampu, mbao inaenda kwa kiboksi cha DI, kile cha kuifanya sauti ya gita ifae mikisa, halafu moja kwa moja mikisa, na mtu wa saundi anapunguza kidogo ile sauti ya katikati juu piezo ukiichapa kwa nguvu inalia kama bata. Piga kwa mkono mwepesi. Na hata jeki yako ikiwa imefungwa sawa, chomoa kebo ukimaliza mazoezi, ukiiacha imechomekwa betri inaendelea kuliwa.

Tangu mzee ahamishe huo waya ni zaidi ya miezi miwili na betri ni ile ile. Jumapili iliyopita tulitoka sifa tukaingia kuabudu na sauti ikaja laini, imejaa, kama mtu amekaa na gita la boksi katikati ya watu, na nilisahau hasira yote. Ukiniuliza kama mtu anayepiga kanisani afungiwe piezo nitakwambia ndiyo, mara mia, hata kama itabidi uuze ile gita ya pili. Ukiniuliza wapi, nilikuwa karibu kukuelekeza kwa huyo huyo, ati uende tu na umwambie akuonyeshe waya mweusi ameuweka wapi kabla afunge kifuniko. Halafu nakumbuka wale watu wakicheka. Hapana. Tafuteni mwingine, au chukueni vifaa mpeleke kwa mzee wa redio, yeye hatoboi daraja lakini angalau atafungua aangalie.

Niliupiga picha huo waya kabla mzee hajauhamisha. Nikamtumia fundi WhatsApp, bila matusi, nikaandika tu, "Si betri, boss, ni hapa." Tiki mbili za bluu siku hiyo hiyo. Mpaka leo hajajibu.