Kadi ni nzuri, ila hiyo "fursa" ya usambazaji tuipigie hesabu kwanza

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena kwenye chaneli, shkamooni wakubwa. Leo nina jambo ambalo limenikaa kifuani wiki nzima. Kuna dada mmoja yuko Columbus, Ohio, kanitumia meseji, anasema kaka, mwenzangu wa kwaya kaniletea biashara ya kadi za salamu za kuagiza mtandaoni, natakiwa nilipe dola 300 kujiunga na dola 35 kila mwezi, mwisho wa ofa ni Ijumaa, nifanyeje? Sasa hiyo kampuni yake siitaji jina, ila mfumo wenyewe naujua, ule wa kulipa ili uwe msambazaji halafu unapewa bonasi ukiingiza wengine, na najua wengi wenu huku Marekani mmeshaletewa au mtaletewa, kwahiyo tukae tuuangalie.

Tuanze na bidhaa. Huduma ya namna hii iliyovuma kuliko zote ni SendOutCards, wa Salt Lake City kule Utah, walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwanzilishi wake anaitwa Kody Bateman. Yeye mwenyewe amesimulia sana jinsi alivyosukumwa moyoni amuage kaka yake kabla hajahama, hakumuaga, na baadaye yule kaka akafa kwa ajali. Ndio wazo la kadi lilipotokea, kwamba ukisukumwa kumwambia mtu neno zuri mwambie leo. Mi naliheshimu sana hilo, kuna mtu wangu nilichelewa kumpigia na mpaka leo sina amani nalo.

Inavyofanya kazi: unaingia kwenye kompyuta au simu, unachagua kadi, unaweka picha yako, unaandika maneno, wanaweza hata kuigeuza hati ya mkono wako iwe herufi za mashine ili kadi ionekane umeiandika wewe. Ukibonyeza tuma wao wanaprinti, wanaitia kwenye bahasha, wanabandika stempu ya kweli, wanapeleka posta. Unaweza ukaongezea na zawadi, zile keki za brauni zinapendwa sana. Halafu unaweka orodha ya bethidei za watu wako wote, mfumo unakukumbusha. Yani ni kadi ya karatasi kabisa, anaishika, anaiweka juu ya friji.

Na wanaoiuza wakikuambia kadi inarudisha wateja, wanasema kweli. Wanapenda kumtaja Joe Girard, muuza magari wa Chevrolet kule Michigan, aliuza magari 13,001 kati ya 1963 na 1977, mojamoja, kwa watu wa kawaida, akaingia kwenye kitabu cha Guinness. Na huyu alikuwa anawatumia wateja wake kadi kila mwezi, maelfu kwa maelfu, ndani kaandika tu nakupenda. Kwahiyo kama wewe una kampuni ya usafi, au unasuka nywele, au unauza nyumba, kadi moja ya asante kwa mteja inafanya kazi ambayo tangazo la Facebook haliwezi. Hilo nalisema kwa moyo wote, nimefanya, wateja wamenipigia.

Na sisi kadi tunazijua jamani. Nyumbani tulikuwa tunafunga uzi sebuleni toka ukuta mpaka ukuta, kadi za Krismasi na za Idi zinaning'inia mpaka mwezi wa pili, mgeni akiingia anazisoma. Na kadi ya mchango wa harusi nayo, single ni hela hii, dabo ni hela ile, ukipewa unajua umekumbukwa na unajua umepangiwa.

Ila kwa matumizi yetu kuna kitu kimoja nikuambie mapema. Fomu nyingi za huku zimetengenezwa kwa anwani ya Marekani, zinataka jimbo, zinataka zipu kodi, na mama yako Moshi ana S.L.P. tu, tena ya shule au ya kanisa. Mi ninachofanya naagiza kadi ije kwangu ikiwa na bahasha tupu, naandika S.L.P. kwa mkono, nabandika stempu ya kimataifa ya posta ya Marekani, ambayo 2025 ilifika dola 1.70, basi. Inafika, taratibu lakini inafika, na mama anaipiga picha anairusha kwenye grupu la ukoo.

Bidhaa imeisha hapo, naipa maksi nzuri. Sasa twende kwenye biashara, na hapa naomba uache kufanya kitu kingine unisikilize.

Moonpig wa Uingereza wanauza kadi mtandaoni toka 2000, wewe unaingia, unanunua kadi, unalipa, umemaliza. Hakuna aliyekuambia ulipe kwanza ili uwe msambazaji. Kwahiyo kadi yenyewe haihitaji apulaini, yani aliyekuingiza, wala daunlaini, yani uliowaingiza wewe, ili imfikie bibi yako. Ukishaelewa hilo, jiulize, hizi dola 300 za huyu dada zinanunua nini? Hazinunui kadi. Zinanunua nafasi ya kwenda kumuuzia mwingine nafasi.

Tupige hesabu yake, hizi ni namba alizopewa yeye. 300 za kujiunga, 35 mara miezi kumi na miwili ni 420, jumla 720 kwa mwaka wa kwanza, kabla hujaweka mafuta ya gari wala bando. Kila kadi anayouza kwa mteja anabakiwa na senti 50. Ili arudishe 720 auze kadi 1,440, ni kadi 120 kila mwezi, na huyu dada anafanya kazi ya kutunza wazee zamu ya usiku, atamuuzia nani kadi 120? Lakini akimuingiza mtu mmoja anapewa bonasi ya dola 100. Watu 8 tu, keshatoka, na chenji inabaki. Umeona sasa? Hakuna haja ya mtu kumwambia aache kuuza kadi aanze kutafuta watu, hesabu yenyewe inamsukuma huko. Na wale 8 nao kila mmoja atafute 8, ni 64, halafu 512, halafu 4,096, waswahili wote wa Columbus tumeshawamaliza na bado kuna mtu chini anatafuta wa kwake.

Sisemi kila biashara ya namna hii ni haramu. Amway, kampuni ya Marekani inayouza bidhaa kupitia wasambazaji, walishtakiwa na FTC, ile tume ya biashara ya serikali ya Marekani, na 1979 ikaamuliwa kwamba sio upatu wa piramidi, ule wa kulipana kwa hela za wanaojiunga, sababu mojawapo walikuwa na kanuni za kumlazimisha msambazaji auze bidhaa kwa wateja wa kweli na kurudishiwa hela ya mzigo uliobaki. Lakini Herbalife, wauzaji wa virutubisho kwa mfumo huu huu, waliposhtakiwa na FTC 2016 walikubali kulipa dola milioni 200 na kubadilisha namna wanavyowalipa watu wao. Na 2024 hiyo hiyo FTC ilichambua taarifa za mapato za kampuni 70 za mfumo huu, wengi waliojiunga walipata dola 1,000 au chini ya hapo kwa mwaka mzima, na hapo mara nyingi gharama zao hazijatolewa! Dola 1,000 ni chini ya 84 kwa mwezi.

Na ninyi wa Tanzania mnaokumbuka DECI 2009, ule upatu uliokula hela za watu, mnakumbuka ile lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, na jinsi ilivyopita makanisani. Shangazi yangu alipanda, sio huko, ni kwingine, hela ya kuezeka nyumba, na mpaka leo yule aliyemuingiza hawasalimiani, na walikuwa marafiki toka utotoni. Hela unaweza ukaitafuta tena. Ndio maana nikiona mtu wa kwaya analetewa karatasi na mwanakwaya mwenzake naumia, maana atashindwa kusema hapana.

Kwahiyo dada yangu wa Columbus, kadi nunua, mtumie mama, watumie wale wazee unaowatunza, lipia kadi mojamoja bila kujiunga na chochote. Ijumaa usilipe, ofa nzuri haiogopi Jumatatu. Halafu huyo mwenzako muulize kwa upole kabisa, mwezi uliopita umeuza kadi ngapi kwa watu ambao hawajajiunga? Namba atakayokupa niandikie kwenye komenti hapo chini, naisubiri.