The Green Knight: nyota nne, ya tano imepotelea msituni

Mara ya kwanza niliitazama kwa simu, usiku, taa zimezimwa, na bado nikaambulia giza. Usirudie kosa langu. Filamu hii ya David Lowery ya mwaka 2021 ni ukungu, mishumaa na vyumba vya mawe mwanzo mwisho; kwenye kioo kidogo huoni kitu. Mara ya pili nilienda kwa dada mwenye televisheni kubwa, ndipo nikaona nilicholipia. (Nitataja yaliyomo, kwa hiyo kama hujaitazama, uamuzi ni wako.)

Kisa kinatoka kwenye shairi la Kiingereza la mwishoni mwa karne ya 14, mistari 2,530, mtunzi hajulikani. Wakati wa sikukuu za Krismasi, jitu la kijani linaingia kwa Mfalme Arthur, yule wa ngano za kale za Uingereza, na kumtaka yeyote alipige shoka, kwa sharti kwamba baada ya mwaka naye akapigwe vilevile. Gawain analikata kichwa. Jitu linaokota kichwa chake na kwenda zake. Dev Patel ndiye Gawain, kijana mlevi ambaye hata ushujaa wenyewe hajaupata, na amemweza.

Shairi nilikuwa nimelisoma kabla, kwa hiyo nilikuwa nawasubiri wanawake. Kule kwenye shairi, Gawain akishajua kuwa amenaswa na mtego wa mke wa mwenyeji wake, anawabebesha wanawake lawama zote: Adamu, Sulemani, Samsoni, Daudi, eti wote waliponzwa na wanawake. Filamu imeitupa hotuba hiyo. Badala yake tunampata Essel, mpenzi wa danguroni anayemwuliza Gawain uso kwa uso kama atamchukua awe mkewe, na jamaa anakosa jibu. Alicia Vikander anaigiza Essel na vilevile mke wa bwana wa ngome anamofikia Gawain safarini, sura ileile: mmoja Gawain anamficha, mwingine anamtetemekea. Kisha kuna Winifred, marehemu anayeomba atolewe kichwa chake majini. Gawain anamwuliza atalipwa nini. Dada alisonya hadi mtoto akaamka. “Mwanamume anaombwa msaada na maiti, bado anataka malipo!”

Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota tano. Kilichoniudhi ni busu.

Kwenye shairi, Gawain na mwenyeji wake wanapatana kwamba kila jioni wabadilishane walichopata mchana. Bwana anawinda, mkewe anabaki chumbani akimjaribu mgeni kwa mabusu. Siku ya kwanza bwana analeta paa, anapokea busu moja. Siku ya pili nguruwe mwitu, mabusu mawili. Siku ya tatu ngozi ya mbweha, mabusu matatu, na Gawain anayatoa kwa moyo wote, mbele ya watu, katikati ya kicheko. Hesabu ni sita, mwanamume kwa mwanamume. Na msomaji anabaki na swali la kichokozi: kama angekubali zaidi kwa yule bibi, jioni angelipa nini?

Filamu ya karne ya 21, isiyoogopa kuonyesha tukio la mkanda wa kijani ambao yule bibi anampa Gawain huku akimtongoza (usiitazame na mama mkwe, nimekwisha kukuonya), imelibana hilo lote kuwa busu moja msituni. Bwana ndiye anayebusu, Gawain anakakamaa. Mtunzi asiyejulikana wa zaidi ya miaka 600 iliyopita alithubutu kuliko wao. Najua kuna watakaosema hofu ya Gawain ndiyo maana yenyewe, maana huyu wa filamu anaogopa kila kinachomgusa. Sawa, lakini mchezo wa kubadilishana ulikuwa na utani mtamu, nao umekufa.

Mkanda wa kijani wenyewe ni hirizi tu, hata dada aliuelewa bila maelezo. Programu niliyotumia haikuwa na maandishi ya Kiswahili, ikabidi niwe mkalimani kwa dakika 130. Kwenye ile ndoto ya mwisho, Essel anaponyang'anywa mtoto na kuachiwa sarafu, nilinyamaza, na hakuna aliyeniuliza wanasema nini.