Uzoefu wangu: kuhifadhi majedwali ya Syzygy ya hadi kete sita kwenye kompyuta mpakato

Ninatumia majedwali ya Syzygy kuchambua michezo ya vijana ninaowafundisha sataranji hapa Njiro, Arusha, na kwa kuwa wachezaji wenzangu wa hapa na wa Moshi huniuliza mara kwa mara kama wanunue diski kwa ajili yake, nimeona heri niandike kwa kirefu. Msimamo wangu ni huu: seti ya hadi kete tano kila mwenye kompyuta aiweke leo hii, seti ya kete sita aiweke mwenye SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka) yenye nafasi ambaye huchambua kwa programu karibu kila siku, na seti ya kete saba tuwaachie wenye seva.

Kwa ambaye hajawahi kuyatumia, majedwali haya ni kanzidata zinazotoa hukumu ya uhakika kuhusu mkao wowote uliobakiwa na kete chache ubaoni, wafalme wawili wakihesabiwa humo. Hutengenezwa kwa kurudi nyuma: programu huanza na mikao ambayo mfalme amekwisha kufungwa, hutafuta mikao yote inayoweza kuifikia kwa hatua moja, kisha kwa mbili, na kuendelea hivyo hadi kila mkao upewe jibu lake la kushinda, kushindwa au sare. Ken Thompson wa Marekani alianza kazi ya namna hii miaka ya 1970, na hesabu zake zilionyesha mambo ambayo mabingwa hawakuyatarajia. Kwa mfano, kwamba maaskofu wawili humshinda farasi mmoja kwa kawaida, ijapokuwa ushindi huo unaweza kudai hatua 66 kabla farasi hajaliwa.

Tatizo ni nafasi. Kila kete moja inapoongezwa, idadi ya mikao huzidishwa kwa makumi, na diski hulia. Majedwali ya Nalimov, yaliyotangulia haya na kutumika kwa miaka mingi, yalichukua gigabaiti 7 hivi kwa kete tano na takribani terabaiti 1.2 kwa kete sita. Yale ya Lomonosov ya kete saba, yaliyokamilishwa mwaka 2012 kwa kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Moscow, yalifika terabaiti 140. Syzygy, aliyoitoa Ronald de Man mwaka 2013, inatosha chini ya gigabaiti moja kwa kete tano, takribani gigabaiti 150 kwa kete sita, na kati ya terabaiti 16 na 19 kwa kete saba, kutegemea unavyoihesabu terabaiti. Kwa mtu anayelipia bando na diski kwa fedha yake mwenyewe, tofauti hiyo ndiyo inayoamua.

Upungufu huo wa ukubwa haukuja kwa miujiza. Nalimov alihifadhi idadi ya hatua hadi mfalme afungwe, takwimu ambayo ni kubwa na hubadilika kutoka mkao hadi mkao, kwa hiyo haikubali kubanwa sana. De Man aligawa kazi mara mbili. Mafaili ya WDL (kifupi cha Kiingereza cha kushinda, sare, kushindwa), yanayoishia kwa .rtbw, yanabeba hukumu tu, nayo ina ngazi tano kwa sababu inazingatia kanuni ya hatua 50: kuna ushindi halisi, na kuna ushindi unaogeuka sare kwa kuwa hatua 50 zitapita bila kete kuliwa wala askari kusogea, kushindwa nako kuna ngazi mbili za aina hiyohiyo, na katikati kuna sare yenyewe. Mafaili ya DTZ, yanayoishia kwa .rtbz, yanaeleza umbali hadi hesabu hiyo ya 50 ianze upya, na yamehifadhiwa kwa zamu ya upande mmoja tu, kwa kuwa ya upande wa pili hupatikana kwa kutazama hatua moja mbele.

Mgawanyo huu una maana kubwa kwa mnunuzi wa diski. Stockfish, programu ya kuchambua sataranji ninayoitumia, husoma WDL maelfu ya mara wakati inapotafuta hatua, lakini DTZ huihitaji pale tu mkao uliopo ubaoni wenyewe umekwisha kuingia kwenye jedwali. Kwa sababu hiyo WDL ya kete sita, ambayo ni gigabaiti 68 hivi, nimeiweka kwenye SSD, na DTZ, ambayo ni 81, ipo kwenye diski ya zamani ya kuzunguka niliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa. Katika sehemu ya mipangilio inayoitwa SyzygyPath unaandika njia zote mbili zikitenganishwa kwa nukta-mkato (;) kama unatumia Windows, au kwa nukta mbili (:) kama unatumia Linux. Nilijaribu pia kuweka kila kitu kwenye diski ya kuzunguka ili nione, na kasi ya uchambuzi ilishuka hadi haivumiliki mara tu kete zilipopungua ubaoni, kwa kuwa usomaji wenyewe ni wa vipande vidogovidogo vilivyotawanyika, na kichwa cha diski hukimbia huku na kule kama karani anayetumwa kila dakika kutoa jalada katika kabati tofauti.

Kompyuta mpakato za mtumba zinazouzwa mjini, hasa maduka ya kandokando ya Barabara ya Sokoine, nyingi huja na SSD ya gigabaiti 256, ambayo Windows huionyesha kama 238 kwa sababu watengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1024. Ukiondoa Windows yenyewe na mafaili yako, seti nzima ya kete sita haikai humo kwa raha. Nilinunua SSD ya nje ya gigabaiti 500. Hapa natoa angalizo: zipo diski za bei ya kutupa zilizoandikwa terabaiti mbili ambazo ndani zina sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo, na zinapokea data bila kulalamika huku zikifuta ya awali. Kabla ya kumkabidhi muuzaji fedha, au angalau kabla risiti haijapoteza nguvu, ijaribu diski kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza na kuisoma yote.

Kupakua ni mtihani wa aina yake. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyoyumba, gigabaiti 150 zinahitaji takribani saa 36, na hakuna saa 36 za mtaani kwetu ambazo umeme na mtandao vyote vimetulia. Bando la simu kwa kazi hii ni kuchoma fedha. Nilitumia torenti, njia ya kupakua faili vipande vipande kutoka kwa watumiaji wengine, ambayo huendelea ilipoishia na hukagua kila kipande inachopokea. Anayepakua faili mojamoja alinganishe md5 (alama ya kuhakiki kwamba faili ni zima) ya kila moja na orodha iliyotolewa, kwa maana faili lililoharibika laweza kuivuruga programu katikati ya uchambuzi. Mwisho wa yote, Stockfish yenyewe hutaja idadi ya majedwali iliyoyaona. Seti kamili ya hadi kete sita ina 510 ya WDL na 510 ya DTZ; ikisoma 509, kuna moja limebaki njiani.

Na faida? Kwa nguvu ya programu peke yake, ni ndogo, kwani Stockfish ya sasa inajua miisho mingi bila msaada. Ninayoithamini ni hukumu. Faili liitwalo KRPvKR, yaani mfalme, ngome na askari dhidi ya mfalme na ngome, ni la kete tano na ndilo ninalolifungua kuliko mengine yote, kwa kuwa vijana hufikia mwisho huo kila wiki na kubishana kama ulikuwa sare. Kwa kete sita unapata ngome na askari kila upande, na hapo masomo huanza kunoga. Mara moja mwanafunzi alisisitiza kwamba mfalme wake alipaswa kwenda pembeni na si katikati; tuliweka mkao, hatua zote zikaorodheshwa pamoja na hukumu zake, na kati ya hatua saba za mfalme ni hiyo moja ya pembeni tu iliyokuwa ikishika sare.

Kasoro ninayoiona ni kwamba Syzygy haikuonyeshi njia fupi ya kumfunga mfalme. Inatafuta kuianzisha upya hesabu ya 50, kwa hiyo wakati mwingine hupendekeza kutoa kete ya bure ilimradi ushindi ubaki palepale, na mtoto anayejifunza hushangaa kwa nini mashine inagawa ngome. Kwa kufundishia wanaoanza, nazima majedwali.

Anayechambua mara mojamoja hahitaji haya yote. Tovuti ya sataranji ya Lichess hutoa majibu ya hadi kete saba bure mtandaoni, na ulizo moja halili bando linaloonekana. Kwenye simu ya Android, programu ya sataranji ya DroidFish inasoma Syzygy, na seti ya kete tano inaenea kwenye simu nyingi za siku hizi bila kufuta picha za mtu.

Majedwali haya yanaruhusiwa kusambazwa bure, kwa hiyo walio Moshi hawana sababu ya kupakua upya tuliyokwisha kuyapata huku. Mje na SSD iliyofomatiwa kwa exFAT (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski) na waya wa USB 3. Kwa tundu la zamani la USB 2, kunakili seti nzima huchukua zaidi ya saa nzima.