Njia mpya za mabasi: maoni yangu kama abiria wa kila siku

Mtandao huu wa njia chache zilizonyooka, zinazochukua nafasi ya njia nyingi za kupindapinda, naupa nyota 4 kati ya 5 kwa safari za mchana. Usiku naupa 2.

Malalamiko makubwa ni kushuka katikati ya safari na kupanda basi jingine. Pigeni hesabu kwanza. Basi moja la moja kwa moja linalopita kila dakika 30 linakugharimu wastani wa dakika 15 za kusubiri. Mabasi mawili ya kila dakika 10 yanakugharimu 5 na 5. Lakini hilo la pili likipita kila dakika 20, unarudi palepale kwenye 15, na umebadilisha basi bure.

Na mabasi hayakuongezwa. Njia ambayo kwenda na kurudi, pamoja na mapumziko ya dereva, huchukua dakika 120 inahitaji mabasi 4 ili lipite moja kila dakika 30. Kwa kila dakika 10 yanatakiwa 12. Hayo 8 yametolewa kwenye njia zilizokuwa zikigombania barabara moja, ndiyo maana baadhi yetu tunatembea zaidi hadi kituoni. Barcelona ilifanya hivyo kwa awamu kuanzia 2012 hadi 2018, ikapata njia 28 za wima, mlalo na mshazari.

Kinachoniudhi ni mabasi kuongozana. La mbele likichelewa kidogo linakuta abiria wengi zaidi, wanakawia kupanda, linazidi kuchelewa. La nyuma linakuta vituo vitupu na kulifikia. Hapo mnapata mawili kwa mpigo, kisha kimya cha dakika 20. Wasimamizi walizuie la nyuma kidogo kituoni, na watu walipe kabla ya kupanda ili milango yote itumike.

Kituo cha kubadilishia nacho kinahitaji macho. Ukilazimika kuvuka mataa mara mbili, basi unaliona likiondoka. Mvuko mmoja unatosha, kivuli kiwepo, na nauli isikatwe upya.

Usiku, mabasi yakiwa ya kila nusu saa, ukilikosa la pili umekwisha. Ratiba ipangwe yote yafike kituo kikuu kwa wakati mmoja, yasubiriane dakika 5, kisha yaondoke pamoja.