Makumbusho ya Mji Mkongwe kwa mwenye wilchea: nimelipa kamili, nimeona nusu

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wa viti vya magurudumu na wale wenye wazee wao wa magoti, maana kabla ya kwenda nilitafuta maelezo sikupata kitu, kila mtu anasifia milango na kupiga picha za roshani, hakuna hata mmoja anaesema pale mlangoni pana nini. Jina la makumbusho silitaji. Ni nyumba ya zamani ya ghorofa, iko uchochoroni, na nyumba za namna hiyo mle ndani zimejaa.

Kufika: gari inaishia barabarani, kutoka hapo ni vichochoro tu. Kwa kiti panapitika, tabu ni vijifereji vya maji vinavyokatiza njia, gurudumu dogo la mbele likiingia humo ushakwama, na tabu nyengine ni vespa, mtu anakuja anapiga honi nyuma yangu ati nimpishe, nimpishe wapi mie, nipande ukutani? Nendeni asubuhi, makundi ya watalii yakishaingia hupati pa kupita.

Sasa mlango. Misumari ya shaba, maua, minyororo ya kuchongwa pembeni, mashallah, lakini nani anatazama kizingiti? Cha hapa kama sentimita 18 hivi. Wameweka ubao, na nashukuru upo, pengine hata huo hamna, ila ubao wenyewe haufiki hata mita moja. Hesabu ya rampu inayojulikana ni kila sentimita 1 ya kwenda juu unataka 12 za urefu, kwa hiyo kizingiti hichi kinataka ubao wa mita 2 na kitu. Kwa huo wao mtoto wa dada yangu alinisukuma mpaka jasho likamtoka, na wakati wa kutoka ikabidi nishuke kinyumenyume yeye kanizuia kwa kifua chake. Mtu atasema ubao wa mita 2 utaziba kichochoro. Ndio, basi uwe wa kukunja, mtu akija unatolewa, akishapita unarudishwa ndani. Haugusi jiwe hata moja, hapo hakuna wa kusingizia urithi wa dunia na UNESCO.

Kwenye tiketi meza iko juu, mie naona mikono tu ya kijana. Akamuuliza mtoto wa dada, "Huyu bi mkubwa mwenyeji?" Mie nipo hapo hapo, pesa mkononi! Nkamwambia mwanangu niulize mie, kitambulisho changu cha Mzanzibari hichi, kilichogoma miguu, ulimi mzima. Akacheka, akaomba radhi, na kuanzia hapo nampa haki yake, alikuwa mzuri sana, ndo alietutembeza mwenyewe.

Chini pazuri. Kuna sanduku la mbao la misumari, sahani za kichina, mapicha ya mji wa zamani, na kijana anajua kueleza, hasomi kwa moyo kama wengine. Tatizo ni makabati ya vioo, yamepangwa kwa mtu aliesimama, mie nilivyokaa mwanga wa dirishani unapiga kwenye kioo najiona uso wangu mwenyewe, sahani siioni mpaka niinamishe shingo. Na maelezo yameandikwa kwa herufi za kutafuta na miwani, Kiingereza kwanza, Kiswahili chini kabisa kidogo zaidi. Kijana akawa ananisomea, sawa, lakini siku ya watu wengi nani atamsomea nani?

Halafu juu. Namuuliza juu kuna nini, ananambia, "Hamna kitu kikubwa bi mkubwa, samadari tu na vyombo vya chumbani." Samadari tu! Kilichonitoa nyumbani ni hiyo samadari, kile kitanda cha kizamani kirefu cha kuchongwa, bibi yangu alikuwa nayo, ikauzwa mie mdogo, nakumbuka miguu yake tu maana nlikuwa nacheza chini yake. Ngazi zenyewe ni za mbao, nyembamba, zimesimama kweli kweli. Hilo siwalaumu, hizi nyumba dari zake zinabebwa na boriti za mikoko, chumba hakizidi urefu wa boriti, kuta nene za mawe na chokaa zinakula nafasi, ngazi inabanwa kwenye kipembe kilichobaki. Lifti hapa siidai, ingawa nasema pembeni, Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme hapa mjini alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, inatajwa kuwa jengo la mwanzo Afrika Mashariki kuwekwa lifti, kwa hiyo tusiambiane kuwa majumba ya kale na lifti haviendi. (Sehemu yake iliporomoka Disemba 2020.)

Wakatokea vijana wawili, kwa nia njema kabisa, "tumbebe tu", na mmoja keshakamata kiti kwa mikono ya pembeni. Nilipiga kelele! Jamani, mikono ya wilchea nyingi inachomoka, ukinyanyua kwa hapo unabaki na mkono wa kiti na mtu yuko chini. Kiti kinashikwa kwenye fremu, na kabla ya kushika unamuuliza mwenyewe. Mie nikakataa, sitaki kupandishwa kama kabati linalohamishwa mbele za watu, na kwenye ngazi zile kushuka ndo kubaya kuliko kupanda. Kuna wenzangu wanakubali kubebwa, hiari yao, lakini isiwe ndo mpango wa makumbusho.

Ikabidi mtoto apande na simu anipigie video. "Mamdogo naonesha nini?" Sogea, shuka chini, nataka miguu. Picha inakatika katika, lakini nkaiona, miguu ya kuchongwa, vioo vilivyopakwa rangi kichwani, hata kile kidaraja cha kupandia kipo. Watu wa chini wakaacha sahani zao wakaja kuchungulia simu yangu, pamoja na bibi mmoja wa mkongojo ambae nae alikuwa kaambiwa asubiri kwenye kiti.

Sasa hapo ndo ninapouliza, kama simu ya mtoto inaweza, makumbusho inashindwa nini? Wapige picha nzuri za vyumba vya juu, waziweke chini kwenye skrini au hata kwenye albamu ya karatasi, na maelezo yake, wakaweza hata wakashusha kitu kimoja kimoja kwa zamu. Kutuwezesha si hisani. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009, na kifungu cha 30 kinataja makumbusho kwa jina. Na tiketi nimelipa ile ile ya anaepanda juu, nilipouliza nkaambiwa bei ni moja.

Mengine kwa ufupi: viti vya kupumzikia vipo viwili vitatu chini, kwa wazee ni msaada. Mwenye uoni hafifu mwambieni kijana, anaruhusu kushika ule mlango, na kule kuchongwa kunafaa kweli kwa vidole. Kiziwi aende na mkalimani wake. Choo kiko uani, kina kidaraja cha kupandia na mlango wake kiti hakipiti, malizeni nyumbani.

Nawapa nyota 3. Wakileta ubao mrefu na hizo picha za juu naongeza ya nne, ya tano ni ya choo.