Darasa la jioni la Warumi 13: ada yake inastahili

Mnaoniuliza kuhusu lile darasa la Jumanne jioni katika ukumbi wa kanisa hapa mjini, la dhamiri na utii kwa mamlaka: jiandikisheni. Mimi hufundisha vijana kanisani kwetu Umoja, na tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha hapa Kenya wananiuliza, "Mwalimu, kuandamana ni dhambi?" Kuwasomea Warumi 13, "kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu", kisha kufunga Biblia hakuwatoshi, wala hakufai kuwatosha.

Ada ni shilingi elfu moja muhula mzima, chai na mandazi ndani yake. Nakala za kusoma zimefifia mno, wazirekebishe.

Mwalimu wa darasa hilo ni mchungaji mstaafu, na hana haraka. Alianza na Shifra na Pua, wakunga waliokataa amri ya Farao ya kuua watoto, akatutenganishia vizuri: kukataa kutenda uovu ni jambo moja, kushika upanga ni jingine. Kisha akatupeleka Magdeburg, Ujerumani. Mwaka 1548 Kaisari Karl V aliwaamuru Waprotestanti warudie sehemu kubwa ya ibada za Kikatoliki. Mji ule ukakataa. Mwaka 1550 wachungaji wake wakaandika kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu "kwa ajili ya mema", kama Warumi 13 yenyewe isemavyo; akianza kuyatesa mema, mtawala wa ngazi ya chini ana wajibu wa kuwakinga watu wake. Mji ukazingirwa na majeshi hadi mwaka uliofuata. Calvin naye, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti kule Geneva, alimkataza raia wa kawaida kumwinukia mfalme, ila akawataka wasinyamaze wale maafisa waliowekwa kuwazuia wafalme. Kipindi hicho peke yake kilinilipa ada yangu.

Lakini Ulaya imekula muda. Akina mama wa Freedom Corner, waliokaa Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1992 wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe, walipewa dakika chache za mwisho. Polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya machozi, baadhi yao wakavua nguo mbele ya polisi, kisha wakahamia All Saints Cathedral. Hao hawakuwa maafisa wa ngazi yoyote. Walikuwa wazazi.

Nikauliza: Ibara ya 1 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi, na ya 37 inatupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Sasa hapa kwetu, mtawala ni nani na mtawaliwa ni nani? Mwalimu akakubali kwamba swali hilo linahitaji kipindi chake. Waandaaji, tafadhali kiongezeni, hata mkipandisha ada.

Vijana wangu nimewajibu kwamba kuandamana kwa amani si dhambi, na nimewaonyesha wakunga wale.

Masomo huisha saa mbili usiku, matatu za Umoja bado zipo. Bebeni Biblia, na Katiba pia.